Mizani Tisa Katika Shairi la Mvuvi: Uchambuzi wa Kisa cha Darasa Moja Mkoani Kigoma

Usuli

Kisa kinachoelezwa hapa kilitokea katika shule moja ya sekondari mkoani Kigoma, si mbali na ziwa, katika darasa la kidato cha tano la tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Majina ya shule, ya mwalimu, ya wanafunzi na ya mtunzi wa shairi yameachwa kwa makusudi, na shairi lenyewe limenukuliwa kwa idhini ya familia ya mtunzi, ambaye sasa ni marehemu. Mwalimu wa somo, ambaye ni mwenzangu katika kazi, aliniomba nikae katika vipindi vyake vya ushairi ili baadaye tujadiliane namna wanafunzi wanavyochambua vina (silabi za mwisho zinazofanana), mizani (hesabu ya silabi) na takriri (urudiaji wa maneno au sauti). Kwa hiyo mengi ya yaliyomo humu niliyasikia mwenyewe, na machache alinisimulia yeye.

Tatizo alilotaka kulishughulikia linajulikana kwa kila anayefundisha Kiswahili. Mwanafunzi akiulizwa kuhusu fani ya shairi hujibu kwamba lina beti kadhaa, kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani 16, vina vya kati ni hivi na vya mwisho ni vile, kisha huweka kalamu chini. Hesabu ni sahihi, lakini hakuna anayejua imefanywa kwa ajili gani. Mwalimu aliamua kutafuta shairi ambalo halimo katika vitabu vya kiada na ambalo majibu yake hayajaandaliwa na mtu yeyote. Alilipata katika kijitabu kilichotolewa fotokopi kwa ajili ya mahafali ya shule, ambamo palikuwa na shairi la mzee mmoja mvuvi wa dagaa, aliyekuwa akiwatungia watu wa mwaloni kwake, yaani mahali mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga.

Inafaa ikumbukwe kwamba Kigoma ina historia yake katika jambo hili. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924, ndiye mwandishi wa *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kitabu kilichotoka mwaka 1954 na kuzieleza kanuni za vina na mizani kwa watunzi. Wanafunzi walikuwa wamefundishwa kanuni hizo, na baadhi yao walijivunia kwamba aliyeziandika alikuwa mtu wa kwao. Fahari hiyo ilichangia yaliyofuata, kwa kuwa waliliendea shairi la mvuvi wakiwa tayari kuhukumu.

Nakala iliyofika darasani

Shairi lilikuwa limechapwa hivi, na ninalinukuu pamoja na kasoro zake ili msomaji ahesabu mwenyewe kabla ya kuendelea:

Jua linapofichika, nashuka chini mwaloni,
Mafuta nimeyaweka, karabai mtumbwini,
Kiza kimeshafunika, hakuna mwezi angani,
Taa yangu iwakayo, ndiyo jicho la ziwani.

Dagaa ninaowaita, wapandao kutoka chini,
Kamba tunapozivuta, mikono inawaka ndani,
Na wimbi likitupata, latulowesha mwilini,
Taa yangu iwakayo, ndiyo jicho la ziwani.

Waliolala wamelala, anikumbukaye nani?
Kesho watakapokula, watajua nina nini?
Labda katika sala; natajwa kwa jina gani?
Taa yangu iwakayo, ndiyo jicho la ziwani.

Mbele yangu kumekucha, narudi nina amani,
Uzee sitauficha, nao pia ni thamani,
Na kasia naliacha, wanangu, hili shikeni,
Taa yangu iwakayo, ndiyo jicho la ziwani.

Kwa umbo, hili ni shairi la tarbia, yaani la mishororo minne katika kila ubeti, na kila mshororo umegawanyika katika ukwapi, yaani kipande cha kwanza, na utao, yaani cha pili. Kina cha mwisho, *-ni*, kinatiririka kutoka mshororo wa kwanza hadi wa kumi na sita, ilhali kina cha kati kinabadilika kwa kila ubeti: *-ka*, *-ta*, *-la*, *-cha*. Shairi la namna hiyo huitwa ukara. Mshororo wa nne ni kibwagizo, yaani unarudiwa katika kila ubeti, nacho kina kina chake cha kati, *-yo*, kisichofuata cha ubeti wowote.

Hesabu ya kwanza na hukumu ya haraka

Wanafunzi waligawanywa katika vikundi na kila kikundi kikapewa kazi ya kukata silabi za shairi zima kwa penseli. Ubishi ulianza kwenye herufi *m*. Kikundi kimoja kilihesabu *karabai mtumbwini* kuwa mizani saba kwa kukata *mtu-mbwi-ni*, na kingine kikapata nane kwa kukata *m-tu-mbwi-ni*. Mwalimu hakutoa jibu. Aliandika ubaoni maneno matatu kutoka katika shairi hilohilo, *mwaloni*, *mtumbwini* na *mbele*, akawataka wayatamke polepole huku wakipiga makofi kwa kila silabi. Katika *mwaloni* sauti ya *m* inaungana na *w* na kuingia katika irabu, hivyo *mwa* ni silabi moja. Katika *mbele* inaungana na *b*, hivyo *mbe* nayo ni moja. Katika *mtumbwini* *m* ya kwanza inasimama peke yake mbele ya *t* na kubeba pigo lake, ilhali *m* ya pili imejificha ndani ya *mbwi*. Makofi yalikata shauri, na kikundi cha kwanza kikasahihisha bila kulazimishwa.

Neno *labda* lilikuwa gumu zaidi. Likikatwa *lab-da*, ukwapi wa mshororo wa tatu katika ubeti wa tatu una mizani saba. Likikatwa *la-b-da*, una nane. Hapa makofi hayakusaidia, kwa sababu kila mmoja alipiga kama alivyozoea kutamka nyumbani. Mwalimu aliamua suala hilo liwekwe kando kwa alama ya kuuliza, na nadhani uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa kuwa ulizuia darasa lisikwame mahali ambapo ushahidi ulikuwa bado haujapatikana.

Baada ya hapo vikundi vyote vilikubaliana juu ya jambo moja: kati ya vipande 32 vya shairi, vinne vilikuwa na mizani tisa. Vipande hivyo ni *Dagaa ninaowaita*, *wapandao kutoka chini*, *mikono inawaka ndani* na *Waliolala wamelala*. Hukumu ilifuata papo hapo. Kikundi kimoja kiliandika kwamba shairi ni guni, yaani limevunja kanuni za vina na mizani. Kingine kiliandika kwamba mtunzi "hakuzingatia sheria kwa kuwa hakusoma". Cha tatu, kwa upole zaidi, kiliandika kwamba mvuvi anasamehewa kwa sababu alikuwa akitunga kwa ajili ya watu wa mwaloni tu. Maneno hayo ya mwisho yalimuumiza mwalimu kuliko yale ya pili, na aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipojua kipindi kinachofuata kitahusu nini.

Uamuzi wa kuuliza kasoro ziko wapi

Mwalimu angeweza kukubali jibu la guni na kwenda mbele, au angeweza kumtetea mtunzi kwa kusema kwamba washairi wana uhuru wao. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili. Aliwataka wanafunzi waorodheshe kasoro nne na kutaja, kwa kila moja, imezidi au imepungua, na imetokea kwenye neno la aina gani.

Orodha ilipokamilika, darasa lilinyamaza kidogo. Kasoro zote zilizidi kwa silabi moja tu, na hakuna iliyopungua. Tatu zilikuwa kwenye vitenzi, mbili kati yake vikiwa vya urejeshi (vyenye maana ya *amba-*), na ya nne ilikuwa kwenye neno *kutoka*. Kila mahali palikuwa na umbo ambalo ushairi wa Kiswahili una desturi ya kulifupisha, yaani kulifanyia inkisari, na ambalo mwalimu wa sarufi angelitaka liandikwe kwa urefu wake. Mtunzi asiyejua mizani huzidisha hapa na kupunguza pale, tena hukosea popote, hata kwenye nomino za kawaida. Huyu aliweka mizani nane sawasawa katika vipande 28, au 27 kwa wale waliolihesabu *labda* kwa silabi mbili, kisha akakosea mara nne kwa namna ileile. Mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa kimya tangu asubuhi alisema, "Mwalimu, huyu hakukosea. Kuna mtu amemsahihisha."

Kauli hiyo ilibadilisha kazi yote. Kuanzia hapo swali likawa ni maneno gani mtunzi aliyaandika, na vina na mizani vikawa ushahidi wa kulijibia.

Kurejesha maneno yaliyopotea

Kanuni iliyowekwa ilikuwa kwamba neno libadilishwe kwa kiasi kidogo iwezekanavyo, na kila badiliko litetewe kwa hoja inayotoka ndani ya shairi lenyewe. Kasoro ya *mikono inawaka ndani* ilitatuliwa mapema. Wanafunzi waliona kwamba mtunzi hupendelea njeo, yaani wakati wa kitenzi, ya *-a-*: anasema *nashuka*, *latulowesha*, *natajwa*, *narudi*, *naliacha*. Mwalimu aliwatahadharisha kwamba *nashuka* na wenzake huweza kuwa kifupi cha *ninashuka*, hivyo si ushahidi kamili, lakini *latulowesha* haliwezi kufasiriwa vinginevyo. Nalo limo mshororo mmoja tu chini ya kasoro yenyewe. Basi *mikono yawaka ndani* ikakubaliwa na wote, na kipande kikawa na mizani nane.

Kwenye *Dagaa ninaowaita* palikuwa na njia mbili. Mtunzi angeweza kuandika *Dagaa naowaita* au *Dagaa niwaitao*, na yote mawili yana mizani nane. Kwa kuangalia mizani peke yake hakuna awezaye kuchagua. Kina ndicho kilichoamua: vipande vinavyofuata vinaishia na *-vuta* na *-pata*, kwa hiyo *niwaitao*, linaloishia na *-o*, linaanguka, na *naowaita* linabaki peke yake. Mfano huu mdogo ulifundisha mambo ambayo vipindi vingi vya nadharia havikuweza kuyafundisha, kwa kuwa kwa mara ya kwanza wanafunzi waliona kina kikifanya kazi ya kukataa neno.

*Toka* badala ya *kutoka* halikuleta ubishi. Kasoro ya nne ndiyo iliyowagawa. *Walolala wamelala* ina mizani nane na kina cha *-la*. *Waliolala walala* nayo ina mizani nane na kina hichohicho. Walio wengi walichagua *walala*, na hoja yao ilikuwa nzuri: ikiwa mtunzi anapenda njeo ya *-a-*, kwa nini hapa aiache? Wachache walisema kwamba *wamelala* inaonyesha hali ya usiku huohuo, watu wamo usingizini wakati yeye yuko majini, ilhali *walala* inaeleza mazoea ya kila siku na kuupunguzia ubeti uchungu wake. Mwalimu aliamua njia zote mbili ziandikwe ubaoni, moja juu ya nyingine, bila ya kupigiwa kura.

Sauti ya mghani

Ili kulishughulikia neno *labda*, mwalimu alimwalika mzee mmoja wa mtaa wa jirani anayejulikana kwa kughani mashairi kwenye sherehe. Alimpa nakala ileile yenye kasoro na hakumweleza chochote kuhusu ubishi wa darasa. Mzee alivaa miwani, akalisoma kimyakimya, kisha akaghani.

Mambo mawili yalitokea. Kwanza, *labda* lilipata mapigo matatu, kwa sauti iliyokaribia *labuda*, na sauti yake haikuwa na pengo lolote mahali hapo. Pili, alipofika kwenye *mikono inawaka ndani*, macho yake yalikuwa kwenye karatasi lakini kinywa kilisema *yawaka*. Darasa lilipiga kelele za furaha. Alipoulizwa kwa nini amebadilisha, alijibu kwa mshangao, "Wanangu, sikubadilisha kitu. Nimesoma kilichoandikwa."

Mwenzangu na mimi tulijadiliana sana baadaye kuhusu thamani ya ushahidi huo. Mghani mzoefu hufupisha na kurefusha kwa sauti ili mstari ukae katika mahadhi, hivyo kinywa chake kinaonyesha mapokeo yanadai nini, lakini hakithibitishi mtunzi huyu aliandika nini. Kwa neno *labda* ushahidi wake unatosha, kwa sababu swali lenyewe linahusu matamshi. Kwa *yawaka* unaunga mkono hoja iliyokwisha kujengwa kwa sarufi ya shairi, na ungekuwa dhaifu kama ungesimama peke yake.

Taa ya alfajiri

Jambo lililonigusa kuliko yote lilitokea wakati mwalimu alipokuwa akihamia kwenye takriri. Alikuwa ameuliza kibwagizo kinafanya kazi gani, na majibu yalikuwa yale ya kawaida: kinasisitiza ujumbe, kinaleta mahadhi, kinawapa wasikilizaji nafasi ya kuitikia. Kijana mmoja ambaye baba yake ni mvuvi aliinua mkono na kusema kwamba ubeti wa mwisho haumwingii akilini. Kumekucha, mvuvi anarudi, kasia analiacha; iweje karabai bado inawaka? "Mafuta ya taa ni ghali, Mwalimu. Kukipambazuka, taa inazimwa kwanza, ndipo mambo mengine."

Wenzake walimpinga. Walisema kibwagizo ni kibwagizo, kinarudiwa kama kilivyo na hakilazimiki kufuata habari za kila ubeti. Mmoja alitoa hoja yenye nguvu kwamba taa inayowaka mchana inaweza kuwa sitiari, yaani moyo au busara ya mzee ambayo haizimiki hata akistaafu uvuvi. Yule kijana hakukubali. Alionyesha kwamba ubeti wa kwanza unafuata kazi ya uvuvi kwa uangalifu mkubwa: mtunzi anataja kwamba hakuna mwezi angani, kwa kuwa dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika. Mtu anayejali jambo kama hilo katika ubeti wa kwanza hawezi kusahau taa yake katika ubeti wa mwisho.

Vina havikuwa na la kusema hapa, wala mizani. Mwalimu alikataa kubadilisha neno lolote na akaagiza swali liandikwe pembeni mwa ubeti wa nne kama lilivyoulizwa.

Daftari

Kupitia kwa jirani, mwalimu alipata habari kwamba mjane wa mtunzi alikuwa bado na daftari la mashairi. Alikwenda na wanafunzi wawili, yule binti na yule kijana. Bibi aliwapokea vizuri, akawatandikia mkeka, na baada ya salamu na maelezo akatoa daftari la mraba lililofungwa kwa mfuko wa nailoni kuzuia unyevu. Hakuruhusu litoke nyumbani, na haikuombwa litoke. Wanafunzi walinakili palepale kwa mkono.

Daftarini palikuwa na *naowaita*, *toka chini* na *yawaka*, kama darasa lilivyokisia. Palikuwa na *Walolala wamelala*, kinyume na walivyochagua walio wengi. *Labda* lilikuwa limeandikwa kwa tahajia ileile ya kijitabu, kwa hiyo katika neno hilo sauti ya mghani imebaki kuwa ushahidi pekee. Na chini ya ubeti wa nne, kwa wino wa buluu, mtunzi alikuwa ameandika *Taa yangu iwakayo*, kisha akalipiga mstari mmoja neno la mwisho na kuandika juu yake, kwa herufi ndogo zilizobanana: *izimayo*.

Kijana aliyapeleka macho yake kwa mwalimu na hakusema neno.

Aliyechapa kijitabu alifuatwa baadaye kwa heshima, naye alieleza bila kuficha. Aliona maneno ambayo kwake yalikuwa makosa ya Kiswahili akayasahihisha pale jicho lake liliponasa, na kibwagizo alikichapa mara moja, akakinakili chini ya kila ubeti ili kuokoa muda. Alikuwa na nia njema, tena alifanya kazi hiyo kwa bei nafuu kuisaidia shule.

Matokeo

Shairi lilichapwa upya kwa kufuata daftari, na kibwagizo kikaandikwa kwa ukamilifu katika kila ubeti badala ya kuwekewa nukta, kama wachapaji wengi wanavyofanya. Vikundi vyote viliandika upya uchambuzi wao. Kikundi kilichokuwa kimeandika kwamba mtunzi hakusoma kiliomba chenyewe karatasi yake ya awali irudishwe.

Uchambuzi: kilichofanikiwa

Mafanikio makubwa yalitokana na uamuzi wa kutazama mpangilio wa kasoro kabla ya kutoa hukumu. Kasoro zinazofanana kwa aina na kwa mwelekeo hazitokani na udhaifu wa mtunzi. Zina chanzo kimoja, na chanzo hicho kinaweza kutafutwa. Wanafunzi wengi hujua kutaja inkisari kama "mbinu ya kufupisha maneno ili kutosheleza mizani", maelezo yanayoifanya ionekane kama njia ya mkato ya mtu aliyeishiwa nafasi. Katika shairi hili *yawaka* inafanya zaidi ya kutosheleza mizani. Mzizi wake ni uleule wa *iwakayo* katika kibwagizo, kwa hiyo moto unaowaka katika taa unawaka pia ndani ya viganja vya wavuta kamba, na kwa kufupishwa kwake neno linakaa kavu na zito katikati ya kipande. Hiyo ni takriri ambayo haionekani kwenye orodha ya vibwagizo, na hakuna mwanafunzi aliyeigundua hadi alipolazimika kulirejesha neno hilo kwa mkono wake.

Kazi ya kurejesha maneno iliwapeleka pia kwenye kina cha mwisho, na hapa naomba niseme kwa kirefu, kwa sababu ndipo utajiri wa shairi ulipo. Kina cha *-ni* hudharauliwa. Ni kina rahisi, kwa kuwa karibu kila nomino ya mahali inaweza kubandikwa kiambishi hicho, na mtunzi mchanga hukikimbilia akikosa kingine. Tukiyapanga maneno ya mwisho ya shairi hili kwa mfuatano, tunaona kwamba mvuvi alikitumia kwa mpango. Ubeti wa kwanza una *mwaloni*, *mtumbwini*, *angani*: ni mahali pa nje, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Ubeti wa pili una *chini*, *ndani*, *mwilini*: bado ni mahali, lakini tunazama, kwanza katika maji na kisha katika mwili wa mtu. Ubeti wa tatu una *nani*, *nini*, *gani*. Mahali pametoweka na kina kilekile kimekuwa swali. Ubeti wa nne unatoa *amani* na *thamani*, majina ya mambo yasiyoshikika, na kisha, katika mshororo wa mwisho kabla ya kibwagizo, *shikeni*, ambapo *-ni* ni kiambishi cha kuwaamuru watu wengi. Sauti ni moja tangu mwanzo hadi mwisho, lakini kazi yake kisarufi imehama kutoka kuonyesha mahali hadi kukabidhi kazi kwa wana. Kikundi kilichogundua mfuatano huu kilikuwa kilekile kilichoandika "vina vya mwisho ni *-ni*, vinatiririka" na kuweka kalamu chini katika kipindi cha kwanza.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Mbinu ya vina na mizani ilishindwa mahali pawili, na kushindwa kwenyewe kunatofautiana. Kwenye *Walolala wamelala* ilibakiza majibu mawili, na darasa likachagua lisilo sahihi kwa kutegemea tabia ya jumla ya mtunzi. Hoja ya tabia ina mipaka: mtunzi anayependa njeo fulani huiacha anapotaka maana nyingine, na mara nyingi mahali anapoiacha ndipo penye uzito. Wale wachache waliouliza *wamelala* inaleta hisia gani walikuwa karibu zaidi na shairi kuliko walio wengi waliohesabu mifano.

Kwenye *iwakayo* na *izimayo* mbinu haikuona tatizo lolote. Maneno hayo yana mizani sawa, kina sawa na umbo sawa la urejeshi, na mchambuzi angeweza kukata silabi za shairi zima kwa usahihi kamili bila kushuku kitu. Kilichogundua badiliko hilo ni ujuzi wa kazi ya uvuvi, ukitumiwa na kijana aliyeamini kwamba kibwagizo kina wajibu wa kusema kweli kama mshororo mwingine wowote. Wenzake walikuwa wamefundishwa kwamba kibwagizo hurudiwa, kwa hiyo waliacha kukisoma baada ya ubeti wa kwanza. Kasoro hiyo naiona katika ufundishaji wetu kuliko katika akili zao. Tunaposema kwamba takriri "husisitiza ujumbe" tunaeleza kinachotokea pale maneno yanaporudi bila kubadilika, na tunasahau kwamba marudio matatu yanayofanana humwandaa msikilizaji kwa la nne litakalotofautiana. Taa iliyowaka mara tatu ndiyo inayofanya *izimayo* isikike, na *ndiyo jicho la ziwani*, ambayo haikuguswa hata herufi moja, inapata maana ya jicho linalofumbwa na mzee anayepumzika.

Hoja ya yule mwanafunzi kuhusu sitiari ya taa isiyozimika nayo haifai kutupwa. Kwa nakala aliyokuwa nayo mbele yake ilikuwa tafsiri halali, na kama daftari lisingepatikana, ingebaki sambamba na swali la kijana mvuvi bila mmoja kumshinda mwenzake. Mwalimu alizipa hoja zote mbili alama kamili katika zoezi la kuandika. Sehemu ya maksi ambayo zamani ilikwenda kwa kutaja idadi ya mizani sasa inamtaka mtahiniwa achague kipande kimoja, abadilishe neno moja bila kuharibu mizani wala kina, kisha aeleze shairi limepoteza nini au limepata nini.

Wanafunzi bado hawajakubaliana kuhusu mkato uliowekwa baada ya *wanangu* katika ubeti wa nne. Daftarini haupo.